Ukikamatwa kwa tuhuma za ukahaba Nairobi: kutoka mtaani hadi hukumu

Jumatatu asubuhi, kwenye seli za mahakama, kuna ushauri mmoja unaopita mdomo kwa mdomo: "Kubali tu, utalipa kidogo uende nyumbani." Hautoki kwa wakili. Wakati mwingine hutoka kwa askari anayetaka siku iishe mapema, na mara nyingi hutoka kwa mwenzako wa benchi aliyepita hapo mara tatu na kurudi salama. Nimekuwa msaidizi wa kisheria hapa Nairobi kwa miaka kadhaa. Kama ningeruhusiwa kubandika bango moja kwenye ukuta ule, lingeandikwa: uliza kwanza unakubali nini.

Kuna dada mmoja msusi aliyenifundisha jambo hili. Alifunga saluni saa tatu usiku, akasimama barabara ya Tom Mboya akingoja matatu, akazolewa pamoja na wenzake kumi na mmoja. Asubuhi alikubali mashtaka bila kuyasikia vizuri, akalipa faini, akarudi kazini kabla ya saa nane. Miaka miwili baadaye alipata kazi Ghuba, akaenda kutafuta cheti cha tabia njema. Hapo ndipo alama za vidole alizochukuliwa usiku ule zilipomwumbua. Faini aliilipa kwa asubuhi moja, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekamatwa, au dada, mume, rafiki au mwenye nyumba wake. Haushiki nafasi ya wakili. Utakusaidia kufika kwa wakili ukiwa hujajiharibia.

Kwanza: shtaka ni lipi hasa?

Wengi wanaamini kuna sheria inayosema "kuuza mwili ni kosa, kifungo miaka kadhaa." Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, hakuna kifungu kinachomwadhibu mtu mzima kwa kitendo chenyewe cha kuuza ngono. Kinachoadhibiwa ni yale yanayokizunguka: kusimama barabarani kwa lengo hilo, kuishi kwa kipato chake, kuendesha danguro, kumwingiza mwingine. Ndiyo maana kila hati ya mashtaka lazima iegemee kwenye kifungu fulani, na kila kifungu kina mambo yake ya kuthibitishwa. Ukijua kifungu, umejua upande wa mashtaka unadaiwa nini.

Shtaka la kawaida la mtaani ni la kaunti. Maneno yaliyozoeleka yanatoka kwenye sheria ndogo za Nairobi za mwaka 2007 kuhusu kero za umma, kifungu cha 19(m): kuzurura au kumsumbua mtu barabarani kwa lengo la ukahaba. Wanaokamata ni askari wa kaunti, hawa tunaowaita kanjo, au polisi wa kawaida. Hili ni kosa dogo, adhabu yake kwa kawaida ni faini au kifungo kifupi. Bunge la kaunti limekuwa likizigusa sheria za kero mara kwa mara, kwa hiyo soma hati yenyewe ujue wametaja sheria ya mwaka gani na kifungu gani cha adhabu. Nimeona hati zilizotaja kifungu ambacho hakihusiani kabisa na kilichodaiwa.

Wakati mwingine polisi hutumia kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha watu wazembe na wenye fujo. Ni kifungu cha enzi za mkoloni, maneno yake ni mapana mno, na sehemu zake zimepingwa mahakamani. Ukikiona kwenye hati yako, wakili aangalie maamuzi ya karibuni kabla hujasema neno.

Kuanzia hapa mambo ni mazito. Kifungu cha 153 kinamhusu mwanamume anayeishi kwa kipato cha ukahaba, na cha 154 kinamhusu mwanamke anayefanya hivyo au anayeongoza shughuli za kahaba ili apate faida. Cha 156 kinahusu danguro: anayeliendesha, mpangaji anayeruhusu nyumba itumike hivyo, na hata mwenye nyumba aliyekodisha huku akijua. Yote matatu yamewekwa katika kundi la makosa makubwa ya jinai. Cha 153 kina mtego wa ziada: mwanamume akithibitishwa kuishi na kahaba au kuandamana naye kila mara, sheria inamhesabu kuwa anaishi kwa kipato kile mpaka aishawishi mahakama vinginevyo. Mpenzi, dereva wa teksi wa kila usiku, kaka anayelala kwa dada yake, wote wanaweza kujikuta humo.

Juu zaidi kuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kifungu cha 17 kinamlenga anayemsababisha mwingine kuingia ukahaba, au anayezidhibiti shughuli zake kwa faida. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 5, au faini ya shilingi 500,000, au vyote viwili. Akihusika mtoto, yaani mtu wa chini ya miaka 18, kifungu cha 15 kinaanzia miaka 10. Na kukiwa na kusafirisha au kuhifadhi watu kwa ajili ya unyonyaji, Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010 inataja miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30. Ukisikia sheria hizi mbili zikitajwa, usiingie mahakamani bila wakili hata kama umeambiwa ni "kusomewa tu."

Pili: dakika za kwanza mtaani

Usikimbie, usisukumane na askari. Kumzuia afisa kufanya kazi ni kosa jingine, na ni rahisi kulithibitisha kuliko lile la kwanza. Uliza kwa upole: "Afande, nimekamatwa kwa kosa gani?" Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na haki ya kunyamaza. Jina lako sema. Ulikuwa unafanya nini pale, subiri wakili.

Hili la kunyamaza ni gumu kwetu. Tumelelewa kujieleza, na ukimya tunauona kama kiburi. Lakini nyuma ya karandinga ndipo watu wanapojifunga wenyewe kwa maneno kama "leo sikuwa nimepata mteja hata mmoja, afande, nionee huruma." Maneno hayo hayafuti kosa. Yanaupa upande wa mashtaka lile lengo ambalo lingewatesa kulithibitisha.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Hilo limo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kondomu zikikutwa kwenye mkoba, usizitupe wala usizibishie. Serikali yenyewe inazigawa bure hospitalini. Simu yako ni faragha yako chini ya kifungu cha 31 cha Katiba. Ukiambiwa uifungue, jibu kwamba hutafanya hivyo bila amri ya mahakama, kisha nyamaza. Wakiichukua kwa nguvu usipigane. Kumbuka saa, mahali na aliyeichukua.

Na kuhusu kitu kidogo: Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Najua mji huu unavyokwenda, na najua wengi wametoka kwenye karandinga kwa shilingi mia tano. Najua pia waliokamatwa tena wiki iliyofuata na askari yuleyule kwa sababu sasa anajua wanalipa.

Tatu: kituoni

Hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na uiombe namba ya OB. Sikiliza saa inayoandikwa. Ukikamatwa saa nne usiku na kitabu kikasema saa saba, zile saa tatu katikati ni za wakili kuuliza. Vitu vyako vikichukuliwa, sikiliza vinavyoorodheshwa, hadi mkanda na kamba za viatu. Nitarudi kwa huo mkanda.

Piga simu moja ya maana. Mwambie ndugu au rafiki kituo, namba ya OB, shtaka na jina ulilolitoa. Wengi hutoa jina la uongo kwa aibu, halafu ndugu wanazunguka vituo vitano wakiuliza mtu ambaye hayumo kitabuni.

Dhamana ya polisi ya maandishi hailipiwi. Ukitakiwa pesa taslimu kama dhamana, lazima upewe risiti yenye jina na kiasi. Hakuna risiti, hakuna dhamana, hiyo ni hongo tu. Usipoachiliwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi, unafikishwa siku ya kazi inayofuata. Misako ya Ijumaa usiku huuma kwa sababu hiyo: unalala Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa kosa la faini.

Kuna kipengele kidogo cha Katiba ambacho watu wengi hawakijui: 49(2). Mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mashtaka mengi ya kaunti yanaweza kuangukia humo. Likariri, kwa sababu hakuna atakayekusomea.

Usilazimishwe kupimwa Virusi Vya Ukimwi. Sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, kifungu cha 13, inakataza upimaji wa lazima. Upo mwanya kwa washtakiwa wa makosa fulani ya kingono, lakini kuzurura barabarani hakumo. Kwa wanaume, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa iliamua mwaka 2018 kwamba uchunguzi wa lazima wa sehemu ya haja kubwa ni kinyume cha Katiba. Wanaume wanaofanya kazi hii wanaweza pia kushtakiwa kwa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vile vinavyotumika dhidi ya ngono kati ya wanaume, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta mwaka 2019. Hiyo ni kesi tofauti kabisa na inahitaji wakili aliyezoea.

Usiandike maelezo ya kukiri. Chini ya Sheria ya Ushahidi, ungamo halisimami isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha juu ambaye si mpelelezi wa kesi yako, na mtu wa tatu uliyemchagua wewe akiwepo. Karatasi uliyosainishwa saa nane usiku kaunta haifiki hapo. Hata hivyo ni afadhali isiwepo kuliko kupigania iondolewe.

Ikiwa uko chini ya miaka 18, sema mara moja, na urudie. Wewe si mshtakiwa wa ukahaba, ni mtoto anayehitaji ulinzi, na afisa wa watoto anapaswa kuitwa. Namba 116 ya watoto ni ya bure. Ikiwa uliletwa Nairobi kwa ahadi ya kazi ya nyumbani au ya hoteli, ukanyang'anywa kitambulisho na kulazimishwa, mwambie wakili hivyo kabla ya jambo jingine lolote. Kifungu cha 14 cha ile Sheria ya Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010 kinamkinga mwathiriwa asihukumiwe kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake.

Nne: tafuta wa kukusimamia

Mtu asiye na pesa hana sababu ya kusimama peke yake bila hata kujaribu. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ilianzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Kituo cha Sheria kimekuwepo tangu 1973. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, husaidia wanawake. BHESP, shirika lililoanzia kwa wahudumu wa baa hapa Nairobi mwaka 1998, na KESWA, muungano wa wafanyakazi wa ngono, huzijua kesi hizi ndani na nje. Wasaidizi wa kisheria hawawezi kukutetea mbele ya hakimu, lakini wanaweza kufika kituoni, kuifuata namba ya OB na kumtafuta wakili wa kujitolea.

Mlipe wakili, si "mtu anayejua mtu kortini." Kwenye ngazi za mahakama za jiji kuna vijana wenye faili mkononi na tai shingoni ambao si mawakili. Muulize namba yake ya kusajiliwa, na uombe risiti.

Tano: kusomewa mashtaka, palipo na uzito wote

Kesi za kaunti zimezoea kupelekwa Mahakama ya Jiji. Za polisi huenda Milimani, Makadara au Kibera kulingana na kituo. Utaingia na wengine, hati moja, majina kumi na mawili. Karani atasoma kwa Kiingereza kisha Kiswahili cha haraka. Yote huchukua dakika moja.

Simamisha dakika hiyo. Inua mkono, sema: "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nisomewe polepole." Kama Kiswahili hakikukai vizuri, omba mkalimani, ni bure. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, utaratibu umekuwa wazi: shtaka na vipengele vyake vyote visomwe kwa lugha ya mshtakiwa, maneno yake ya kukubali yaandikwe, kisha mwendesha mashtaka aeleze kilichotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga maelezo hayo. Ukisema "ni kweli" kwa shtaka, halafu maelezo yakasema ulikuwa ukiwaita wanaume kwenye magari na wewe ulikuwa ukingoja basi, sema hapohapo: "Hayo si kweli." Hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ukikubali, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinakuzuia kukata rufaa dhidi ya hatia. Unabaki kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Je, kuna wakati kukubali kuna maana? Nitasema ninavyoamini, ingawa mawakili wengine watanikemea. Mama aliye peke yake, mtoto mchanga kwa jirani, shtaka la kaunti, faini anayoimudu, hana mpango wa kazi inayodai cheti: naelewa akikubali, mradi amejua hiyo ni hatia na itahesabiwa akikamatwa tena. Ninachokataa ni mtu kukubali kwa kudhani analipia tiketi ya kutoka.

Ukikana, omba dhamana au bondi bila woga, maana ni haki isipokuwa pawe na sababu nzito. Eleza unapoishi, kazi yako, watoto, mdhamini aliyekuja. Ukipangiwa kiasi kisichowezekana, omba kipunguzwe siku hiyohiyo. Kisha omba nakala ya hati ya mashtaka na maelezo ya mashahidi, kwa sababu kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuyaona kabla ya kesi kusikilizwa. Andika tarehe ya kurudi kwenye kiganja ikibidi. Kukosa siku moja kunazaa hati ya kukamatwa, na dhamana inaweza kupotea.

Sita: kesi yenyewe

Kwa shtaka la mtaani upande wa mashtaka una mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba ulikuwa barabarani, kwamba ulikuwa ukizurura au kumsumbua mtu, na kwamba lengo lilikuwa ukahaba. La kwanza ni rahisi. La tatu ndilo linalowashinda, kwa kuwa mteja haletwi mahakamani, na mara nyingi shahidi ni askari aliyekamata pekee.

Nilikaa nyuma ya mahakama siku wakili mmoja kijana alipomhoji askari wa namna hiyo. Hakupaza sauti hata mara moja.

"Ulimwona akifanya nini?"

"Alikuwa amesimama, akiongea na mwanamume kwenye gari."

"Walisema nini?"

"Sikusikia. Nilikuwa ng'ambo ya barabara."

"Gari la rangi gani?"

"Kulikuwa giza."

"Basi ulijuaje ni ukahaba?"

"Kwa mavazi yake, Mheshimiwa. Alivaa sketi fupi sana. Nyekundu."

Wakili akaomba orodha ya vitu vya mshtakiwa iliyoandikwa kituoni usiku ule, akaisoma polepole: simu moja, shilingi mia mbili na arobaini, pete moja, mkanda mmoja wa suruali ya jinzi. Akamtazama askari. "Sketi nyekundu huvaliwa na mkanda wa suruali?" Hakimu aliinamisha kichwa akiandika, na nadhani alikuwa akificha uso.

Maswali yenyewe si ya kisomi, nawe unaweza kuyauliza hata bila wakili: ulikuwa umbali gani, taa zilikuwaje, kwa dakika ngapi, nilimwita nani kwa maneno gani, mlikamata watu wangapi usiku ule, mbona maelezo ya wote kumi na wawili yanafanana neno kwa neno? Uliza, ngoja jibu, usibishane nalo. Na usiulize swali ambalo jibu lake litakuumiza, kama vile "umeshawahi kuniona pale kabla ya siku hiyo?"

Kondomu hazithibitishi lengo. Sketi haithibitishi. Mtaa hauthibitishi pia; Koinange ina benki, maduka na vituo vya teksi, na watu husimama hapo kwa sababu elfu. Picha za simu za jumbe zikiletwa, ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na wakili aulize simu ilipatikanaje. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaitaka mahakama iutupe ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi. Afisa aliyejifanya mteja na kukushawishi mpaka ukakubali ni mtego, na hoja hiyo hufaa kutolewa mapema.

Kwa mashtaka ya kuishi kwa kipato cha ukahaba, hoja huhama. Hapa ni hesabu: kodi inalipwa na nani, M-Pesa inatoka wapi, kuna biashara nyingine? Leta risiti za kibanda, daftari la chama, mwajiri. Mwanamke akishtakiwa kwa kipato chake mwenyewe, mawakili hudai kwamba kifungu kilikusudiwa kwa anayemnyonya mwingine. Hoja hiyo ina nguvu lakini si ngao ya uhakika. Kwa mwenye nyumba, kiini ni kujua: mkataba wa kupangisha, malalamiko ya majirani, na hatua alizochukua baada ya kuyapata.

Hoja ya kikatiba nayo ipo, ya heshima, usawa na faragha, lakini usiitegemee peke yake mbele ya hakimu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ililikataa ombi la kupinga sheria ndogo ya namna hii ya Mombasa. Waliozishinda kesi nilizoziona wameshinda kwa mkanda wa suruali.

Upande wa mashtaka ukimaliza, omba mahakama iseme huna kesi ya kujibu, chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ukiambiwa unayo, una njia tatu: kuapa na kuhojiwa, kusema bila kiapo ambapo hutahojiwa, au kunyamaza kabisa. Mtu mwenye maelezo mafupi na shahidi wa kuaminika, tuseme mwajiri aliyefunga naye duka, huwa afadhali aape. Mwenye maelezo yenye mashimo asiape.

Saba: ukipatikana na hatia

Kabla ya adhabu utaulizwa kama una la kusema. Usikariri "naomba msamaha" peke yake. Taja kwamba ni mara ya kwanza, siku ulizolala seli, watoto na umri wao, kazi, maradhi kama una karatasi. Omba waziwazi: kuachiliwa kwa masharti chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, muda wa kuangaliwa na afisa wa uangalizi, au huduma kwa jamii, ambayo sheria ya 1998 inairuhusu kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3. Kufagia zahanati ya mtaa kwa wiki chache ni kugumu, lakini unalala kwako.

Ukitozwa faini, uliza kifungo mbadala ni muda gani. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka ukomo: faini isiyozidi shilingi 500, siku 14, hadi 2,500, mwezi mmoja, hadi 15,000, miezi mitatu, hadi 50,000, miezi sita, zaidi ya hapo, miezi kumi na miwili. Nimewahi kusikia mtu aliyetozwa 2,000 akiambiwa mbadala ni miezi mitatu. Ukisikia hivyo, simama useme, na ndugu yako amwambie wakili siku hiyohiyo.

Rufaa ina siku 14 tangu hukumu. Ukipelekwa Lang'ata kwa wanawake, ofisi ya gereza inaweza kukusaidia kuandika. Omba pia dhamana wakati rufaa ikingoja, maana kifungo kifupi huisha kabla faili haijafika kwa jaji.

Mgeni asiye raia amwambie wakili hali ya kibali chake mapema, kabla ya kujibu shtaka. Hatia ndogo ya kaunti inaweza kumgharimu ukaazi.

Nane: ukidhulumiwa na waliokukamata

Kupigwa, kulazimishwa ngono ili uachiliwe, kupigwa picha za kurushwa mitandaoni: hayo hayaoshwi na shtaka lako, hata ukipatikana na hatia. Kwa ubakaji nenda hospitali kabla ya kuoga, ndani ya saa 72 ili upate dawa za kukinga Virusi Vya Ukimwi. Hospitali haina ruhusa ya kukuuliza kwanza ulikuwa ukifanya nini. Dai fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, na unaweza kuyapeleka kupitia shirika kama unaogopa kuonekana. Dhidi ya askari wa kaunti, ambao IPOA haiwasimamii, andika kwa Tume ya Haki za Binadamu au Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma, na uripoti jinai yenyewe polisi, kwenye kituo kingine ikibidi.

Na pesa yako ya dhamana. Kesi ikiisha kwa wewe kuachiliwa, kufutiwa, au hata kuhukumiwa baada ya kuhudhuria siku zote, dhamana ya pesa taslimu ni ya kurudishwa. Inarudi kwa mwenye jina kwenye risiti. Kwa hiyo siku ya kulipa, jina liwe la mtu unayemwamini na mwenye kitambulisho kinachofanana na herufi za kwenye risiti, hadi ile "Wanjiku" isigeuke "Wanjiko." Piga picha risiti ukiwa bado dirishani. Kisha rudi masijala na risiti halisi, kitambulisho na nakala ya uamuzi, uombe kwa maandishi, na uchukue muhuri kwenye nakala yako. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, uliza jina la anayekwambia, uliandike nyuma ya ile nakala.